Wanaokuja kutujengea shule, mikono tunayo

Julai ya mwaka niliomaliza kidato cha sita nilifanya kazi ya saidia fundi chini ya baba yangu mdogo, kwenye shule ya msingi moja ya uwanda wa chini, kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Tulikuwa tunajenga vyumba viwili vya madarasa. Msingi ulishamwagwa zege, matofali ya kuchoma yalishapangwa mafungu mafungu, mchanga ulikuwepo. Kisha kazi ya kunyanyua ukuta ikasimamishwa wiki tatu nzima. Tuliambiwa wageni wako njiani. Walikuwa wamelipia safari ya kuja kujenga, kwa hiyo lazima wakute kitu cha kujenga.

Walikuja kumi na watano, vijana wa rika langu, kutoka Ulaya. Walifanya kazi kwa bidii ambayo naikumbuka mpaka leo. Jua liliwababua shingo, mikono ikatoka malengelenge, na sikumsikia hata mmoja akilalamika. Saa kumi jioni basi dogo liliwafuata kuwarudisha hosteli Moshi mjini. Likishapotea kwenye kona, baba mdogo alichukua timazi na pima maji, akaupitia ukuta hatua kwa hatua. Palipokwenda upande tulibomoa kozi mbili tatu kabla saruji haijashika, tukazipanga upya mpaka giza linaingia. Asubuhi wageni waliukuta ukuta umenyooka, wakapiga picha mbele yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hawaambii.

"Mwanangu," akanijibu, "wametoka mbali na mioyo yao myeupe. Nitamwambiaje mtoto wa mwenzangu kwamba kazi yake naibomoa? Lakini siwezi kuuacha hivi. Humu watakaa watoto."

Kwa miaka mingi nilidhani ni kisa cha shule yetu tu. Mwaka 2014 mwanamke mmoja Mmarekani aliandika waziwazi juu ya safari aliyowahi kuifanya Tanzania akiwa mwanafunzi, yeye na wenzake wakijenga maktaba. Walipanga matofali mchana, na wanaume wa hapo wakawa wanayabomoa na kuyapanga upya usiku ili wao wasijue. Niliposoma nilimkumbuka baba mdogo na timazi yake. Nikaelewa kwamba kumbe Watanzania wengi tumeshiriki katika kazi hii ya kuficha, kila mtu kwenye kijiji chake, na kila mtu kwa sababu ya adabu.

Nataka kulizungumza jambo hili bila kuficha, na bila chuki kwa yeyote. Kijana anayeacha starehe ya kwao akaja kubeba karai la zege juani si adui wa mtu. Ninachokipinga ni mpango mzima uliomleta: dhana kwamba kijiji maskini hakina shule kwa sababu kimekosa watu wa kuijenga. Dhana hiyo haina ukweli, na historia ya nchi yetu imeikanusha mara tatu, kwa ushahidi ambao yeyote anaweza kwenda kuushika kwa mikono yake.

Mara ya kwanza ni baada ya Azimio la Musoma, Novemba 1974, TANU ilipoamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Serikali haikuwa na fedha za kujenga. Vijiji vilijenga. Wazee wetu walifyatua matofali, wakachoma tanuri, wakakata miti ya kenchi, wakina mama wakabeba maji kichwani. Madarasa yalipatikana, tena kwa kasi iliyoshangaza. Kilichokosekana ni walimu. Ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wachukuliwe wafundishwe ualimu huku tayari wakiwa wanafundisha, ndio wale tuliowaita walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Wengi wao walijituma kuliko uwezo waliopewa, na mimi mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma. Lakini kila aliyepita shule zile anajua jinsi kiwango kilivyoshuka.

Mara ya pili ni shule za sekondari za kata. Mpango wa sekondari ulianza 2004, na kuanzia 2006 msukumo ukawa mkubwa mno: kila kata iwe na sekondari yake. Kaya zilipangiwa mchango wa fedha, mawe, mchanga na siku za nguvukazi, na asiyetoa alifuatwa na mgambo mpaka mlangoni. Katika miaka michache karibu kila kata ilikuwa na sekondari. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Kuta zilikuwa zimesimama, bati ziko juu. Ndani mlikuwa na shule zenye walimu wawili wa sayansi au hakuna kabisa, maabara ambazo ni chumba kitupu, na kitabu kimoja kinachogombewa na benchi zima.

Mara ya tatu ni juzi tu. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, dola milioni 567, takriban shilingi trilioni 1.3. Sehemu yake ilikwenda kujenga vyumba vya madarasa 15,000, vingi vya sekondari na vingine vya shule shikizi (shule ndogo za watoto wanaoishi mbali na shule mama), kwa shilingi milioni 20 kila chumba. Muda uliotolewa ni mpaka watoto wafungue shule Januari 2022. Kazi ilifanywa kwa utaratibu wa force akaunti: kamati za wananchi zinanunua vifaa, mafundi wa mitaani wanajenga, mhandisi wa halmashauri anakagua. Vyumba elfu kumi na tano katika muda wa miezi kama mitatu, na hapakuhitajika mgeni hata mmoja wa kushika mwiko.

Hoja yangu yote imesimama hapo. Anayepanda ndege kuja kutupangia matofali anatuletea kitu tulichonacho kwa wingi. Ni sawa na mtu kumpelekea maji jirani anayeishi kando ya mto huku nyumba ya huyo jirani inahitaji bati.

Tuangalie hesabu, maana kwenye ujenzi kila kitu huishia kwenye hesabu. Nauli ya kutoka Ulaya au Marekani mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kurudi mara nyingi inakaribia au kupita dola 1,000. Ongeza ada ya kampuni inayoandaa safari, malazi, chakula, viza, chanjo, bima, na siku mbili tatu za mbugani ambazo karibu kila kundi huzimalizia. Tuchukue dola 3,000 kwa mtu, makadirio yangu ya kawaida tu. Kundi la watu kumi na watano limetumia dola 45,000. Kwa shilingi ni zaidi ya milioni 100. Kwa bei ile ya serikali ya 2021, hivyo ni vyumba vitano vya madarasa, vimeezekwa, vimepigwa plasta. Sisi siku ile tulikuwa na viwili, na fedha za bati hazikuwa zimepatikana.

Hesabu ya namna hii imewahi kufanywa kwa makini kwingine. Mwaka 1998 kimbunga Mitch kiliipiga Honduras kikaacha familia nyingi bila makazi, na makanisa ya Marekani Kaskazini yakatuma makundi ya waumini kwenda kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek, aliyekuwa akiishi nchini humo, alikuja kulinganisha. Nyumba iliyojengwa na makundi ya wageni, ukijumlisha na safari zao, iligharimu wastani wa dola 30,000 hivi. Nyumba zilizojengwa na mashirika ya hapo kwa mafundi wa hapo ziligharimu kama dola 2,000. Familia zilizohamia ndani hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya waliojengewa na wageni na waliojengewa na wenzao. Na Wahondurasi walipoulizwa, wengi walisema wangependelea fedha za safari zijenge nyumba zaidi.

Najua jibu linalotolewa hapa, na ni jibu zito, silidharau. Watu husema: fedha hizo zisingekuja bila safari. Hakuna kijana wa miaka kumi na tisa atakayechangisha dola 3,000 kwa jamaa na kanisa lake ili azitume kwa mtendaji wa kijiji asiyemjua. Anachangiwa kwa sababu anakwenda yeye mwenyewe. Akishafika, akala ugali na maharage na watoto, moyo wake unafungwa na kijiji kile, na atakuwa mfadhili maisha yake yote.

Wapo wa namna hiyo, nimewaona. Kuna shule na zahanati zimeinuka kwa sababu mtu mmoja alikuja akiwa kijana, akarudi akiwa na mke na watoto, na hajaacha mpaka leo. Lakini tusijenge sera juu ya wachache hao. Ver Beek aliliangalia hilo pia: waliosafiri walisema utoaji wao umeongezeka, ila kumbukumbu za michango hazikuonyesha ongezeko kubwa kama walivyoamini. Kwenye shule yetu, kati ya wale kumi na watano, mmoja aliandika barua mbili. Simlaumu yeyote. Mtu wa miaka kumi na tisa ana maisha yake ya kuyaanza.

Kinachoniuma zaidi ni upande wetu, na hapa naomba ndugu zangu tuvumiliane.

Nani alisimamisha ukuta ule kwa wiki tatu? Ni sisi. Kamati ya shule ilikaa, mwalimu mkuu akiwepo, mwenyekiti wa kijiji akiwepo, ikakubali matofali yangoje. Waliona hawana jinsi, kwa sababu fedha za saruji zilikuja na sharti hilo, na nani angethubutu kulikataa? Lakini angalia kilichofuata. Kijijini kwetu msaragambo ulikuwa kitu cha kawaida kama mvua za masika. Siku iliyopangwa baragumu linapigwa, kila kaya inatoa mtu, mnachimba mfereji au mnatengeneza barabara. Baada ya wageni kuja mara mbili, watu walianza kuuliza jambo ambalo halikuwahi kuulizwa: kwa nini nikabebe mawe ya shule leo wakati Julai wazungu watakuja kuyabeba? Tena wao wanayabeba kwa furaha, na sisi tuna mashamba ya kuhudumia. Mahudhurio yakapungua. Boma la chumba cha tatu lilifika usawa wa lenta likakaa hapo. Lilikaa misimu minne ya mvua. Majani yakaota ndani, mbuzi wakafanya kivuli.

Nimeona maboma ya aina hiyo katika vijiji vingine pia, na sababu zake ni nyingi. Mengi yamekwama kwa sababu wananchi walimaliza sehemu yao wakaisubiri halmashauri iezeke, na halmashauri haina fedha. Lakini yapo yanayongoja mgeni. Jengo linaachwa nusu makusudi kwa sababu jengo lililokamilika halivutii mtu kuja. Katika hali hiyo umaskini wa kijiji unageuka kuwa mali ya mtu, mwenye kampuni ya kupokea wageni au mtu wa kati anayejua kuandika barua pepe, na mali hiyo inabidi itunzwe isiishe. Hilo ni jambo baya, na waliolitengeneza wengine ni watu wetu wenyewe.

Kuna na kibarua. Saidia fundi kijijini ni kijana asiye na shamba la kutosha, anayetegemea ile elfu kumi au kumi na tano ya siku. Kila karai alilobeba mgeni bure ni karai ambalo yeye hakulipwa. Siku zile kumi mimi na wenzangu watatu tulipunguziwa kazi ili wageni wapate cha kufanya. Mimi nilikuwa nasubiri chuo, sikuumia. Mmoja wetu alikuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Usalama nisiuseme kwa mafumbo. Septemba 2019, eneo la Dagoretti jijini Nairobi, darasa liliporomoka asubuhi watoto wakiwa ndani, na wanane walifariki. Jengo lile halikuwa na uhusiano wowote na wageni wa kujitolea. Lilijengwa ovyo na wenyewe kwa wenyewe. Nalitaja kwa sababu linatukumbusha darasa ni kitu gani. Ni chumba ambamo watoto hamsini au mia wanakaa kwa muda wa saa saba kila siku, wakiwa hawana uwezo wa kukagua kilicho juu ya vichwa vyao. Sidhani kama huko kwao wageni hao wangeruhusiwa kushika ukuta wa shule wakiwa si mafundi. Baba mdogo hakuwa na shahada, lakini alielewa kwamba mtoto wa kwetu anastahili ukuta ulionyooka sawasawa na mtoto wa kwao.

Je, basi mgeni asije? Sisemi hivyo. Historia yetu wenyewe ina mfano mzuri wa mgeni aliyekuja na kitu tulichokosa. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, kundi la kwanza la Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa watu wa kujitolea, lilitumwa Tanganyika. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na kazi yao ilikuwa barabara. Mwalimu Nyerere alizoea kusema kwamba Waingereza walituachia nchi yenye wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Kwa nchi ya namna hiyo, mpima ardhi aliyejifunza Kiswahili kabla ya kuja na akakaa miaka miwili alikuwa msaada wa kweli. Tuliomba kitu fulani, tukaletewa kitu kile kile. Leo wahandisi tunao, na wengine wako mitaani hawana ajira, kwa hiyo hata ombi la leo haliwezi kuwa lile la 1961.

Mfano mwingine unatoka Burkina Faso, na naupenda kuliko yote. Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 kijiji cha Gando, mahali ambapo hapakuwa na shule, akapelekwa mbali angali mdogo ili asome. Alifika Ujerumani kujifunza useremala, akaishia kusomea usanifu majengo Berlin. Akiwa bado mwanafunzi alianza kuchangisha fedha, na mwaka 1998 akaanzisha chama cha kuijengea Gando shule. Fedha zilitoka kwa Wajerumani wengi wa kawaida. Lakini hawakusafirishwa kwenda kupanga matofali. Matofali yalifyatuliwa na wanakijiji wenyewe kwa udongo wa hapo uliochanganywa na saruji kidogo, wanawake wakachota maji, watoto wakakusanya mawe ya msingi. Paa la bati aliliinua juu ya dari ili hewa ya moto ipite na kutoka, jambo ambalo yeyote aliyesoma chini ya bati kavu saa nane mchana atalielewa bila kuelezwa. Shule ilikamilika 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, heshima kubwa kuliko zote katika fani yake. Vijana wa Gando waliojifunza kazi pale walitoka na ufundi ambao ungewapa mkate hata kwingine. Hilo lisingewezekana kama nafasi yao ukutani ingechukuliwa na mtu wa wiki mbili.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kujitolea, maana ndilo lililonifanya niandike.

Ukiingia leo shule nyingi za Tanzania, za msingi na sekondari, utamkuta mtu anayeitwa mwalimu wa kujitolea. Ni Mtanzania. Ana stashahada au shahada ya ualimu. Ameomba ajira ya serikali mara tatu, nne, tano, na hajaitwa. Mwaka 2025 walimu wa namna yake walifikia hatua ya kuunda umoja wao, NETO, kudai ajira. Wakati akisubiri amekwenda shule ya karibu na kwao akaomba kufundisha, na shule imempokea kwa mikono miwili kwa sababu haina mwalimu wa hisabati. Wazazi wanachangishana kitu kidogo apate nauli na sabuni. Mwezi ambao mahindi hayajavunwa, mchango haufiki. Anaingia darasani hivyo hivyo.

Huyo ndiye anayejitolea. Anafundisha vipindi ishirini na zaidi kwa wiki, anaujua mtaala, anajua lugha ambayo mtoto wa darasa la kwanza ameamka nayo. Hakuna basi dogo linalomfuata saa kumi. Hakuna anayempiga picha. Na mara nyingi nimeona, shule hiyo hiyo, mgeni wa wiki tatu akiachiwa kipindi cha Kiingereza, watoto wakiimba naye alfabeti walizozijua tangu awali, huku mwalimu wa kujitolea akikaa nyuma ya darasa kumsaidia kutuliza kelele. Mgeni amelipa maelfu ya dola ili apate nafasi hiyo. Sehemu ndogo tu ya fedha zile ingemweka mwalimu yule kazini mwaka mzima bila kuhangaika.

Moyo unaniuma ninapoliandika hili. Tumelitumia neno moja kwa watu wawili, na heshima yote tukampa aliyetoka mbali.

Kuhusu usajili na mipango ya halmashauri nitasema kifupi, ingawa makosa hapa ni mengi. Jengo lililosimamishwa na wafadhili bila Afisa Elimu kujua linaweza kukosa usajili wa shule. Bila usajili hakuna walimu wanaopangwa wala ruzuku ya uendeshaji inayotumwa. Jengo linabaki zuri, limepakwa rangi, na kufuli mlangoni. Mfadhili mwenye nia njema aanzie ofisi ya kata, aulize shule gani iko kwenye mpango, na kitu gani kwenye mpango huo kimekosa fedha. Mara nyingi atajibiwa kitu kisichopendeza kwenye picha: matundu ya vyoo. Nyumba ya mwalimu. Tangi la maji. Msichana wa darasa la sita anayekosa shule siku kadhaa kila mwezi kwa sababu choo hakina mlango wala maji hasaidiwi na darasa jipya.

Na sisi tunaopokea tujifunze kusema ukweli mapema. Tulimwonea aibu mgeni, tukamwacha aamini kwamba ukuta ni wake. Naamini vijana wale wangeelewa. Walikuwa na akili zao timamu na walitupenda. Baba mdogo angewaambia tu: hapa ukuta niachieni mimi, ila nina bati 60 zimekosekana na mwalimu mmoja hajapata nauli tangu mwezi wa tano, nani kati yenu anaweza kusaidia hapo? Wangecheka, wangeshusha karai, na jioni ile ile wangeanza kuwapigia simu wazazi wao.

Baba mdogo alifariki miaka sita iliyopita. Madarasa yale mawili yapo, hayana ufa. Nje ya kimojawapo kuna kibao cha marumaru chenye jina la kundi na mwaka, na watoto huegemea hapo wakisubiri kengele. Mwezi uliopita nilikaa na kamati ya shule, ambayo sasa mwenyekiti wake ni mama mmoja niliyesoma naye. Kampuni imeandika tena: kuna kundi la watu kumi na wanane, wangependa kuja Julai, je, kuna ujenzi?

Tuliandika jibu pale pale, kwa Kiswahili kwanza, kisha mimi nikalitafsiri. Tumewashukuru. Tumewaambia ukuta wa chumba cha nne tutaupandisha wenyewe mwezi wa nne, mvua zikikawia, kwa msaragambo, kila kaya siku mbili. Tumeorodhesha bati, mbao za kenchi, matundu sita ya vyoo, na posho ya mwaka mmoja kwa walimu wawili wa kujitolea, kila kitu na bei yake na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Mwisho tumewaambia wakipenda kuja kututembelea wakati wa ufunguzi wa chumba hicho, waje, watakula nasi, na hakuna kazi yoyote watakayopangiwa. Majibu bado hayajaja. Matofali yameshaanza kuchomwa.